Kupandisha toleo la MySQL bila kupoteza data: namna ya kutafuta chanzo cha kila kosa

Katika kazi yangu ya kuhudumia ofisi za kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Kirumba jijini Mwanza hadi Nansio kisiwani Ukerewe, bado nakutana na seva zinazoendesha MySQL 5.7 (MySQL ni programu ya kutunza kanzidata), na mara mojamoja hata 5.5, ingawa huduma ya marekebisho ya 5.7 ilikoma Oktoba 2023 na ile ya 5.5 ilikoma tangu Desemba 2018. Mwenye ofisi huwa hana haraka ya kupandisha toleo mpaka siku programu mpya ya mizani au ya malipo inapokataa kuzungumza na seva yake. Hapo ndipo fundi anapoitwa, na mara nyingi hupewa usiku mmoja kwa kazi ya wiki mbili.

Mwongozo huu unahusu matatizo yanayojitokeza data inapohamishwa kutoka 5.7 kwenda 8.0 au 8.4. Msimamo wangu nauweka wazi mapema, kwa sababu ndio unaoamua utafutaji uanzie wapi: kosa linaloonekana siku ya kuhama kwa kawaida halikuzaliwa siku hiyo. Lilikuwamo ndani ya majedwali kwa miaka, toleo la zamani likilifumbia macho, na toleo jipya limekataa kulibeba. Mifano nitaitoa kwenye kanzidata ya ofisi moja ya kununua dagaa na sangara, ambayo sitaitaja, yenye majedwali matatu ya msingi: wavuvi, mizani na malipo.

Kabla ya kugusa seva

Upandishaji wa papo hapo, yaani ule wa kuweka programu mpya juu ya saraka ileile ya data, hauruki matoleo. Toleo la 5.5 hupitia 5.6, kisha 5.7, kisha 8.0, ndipo 8.4. Kwa kuwa mwisho wa huduma ya 8.0 uliwekwa Aprili 2026, anayeanza safari leo aichukulie 8.0 kuwa kituo cha njiani tu. Jambo zito zaidi ni kwamba safari hii haina kurudi: 8.0 ikishaifungua saraka ya data ya 5.7, huyahamishia maelezo ya majedwali katika muundo wake mpya, na 5.7 haiwezi tena kuisoma saraka hiyo. Anayetaka kurudi atarudi kwa nakala rudufu iliyochukuliwa kabla, na kama nakala hiyo haikamiliki, hana pa kurudi.

Siku nayo ichaguliwe kwa busara. Ofisi ya mjini inaweza kusimamisha kazi Jumapili, lakini ofisi ya dagaa ina kalenda yake. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kali wavuvi wengi hukaa nchi kavu wakashona nyavu na kuziba mitumbwi. Siku hizo chache ndizo mizani inapokuwa kimya, kwa hiyo mimi hupanga kuhama katikati ya mbalamwezi na kujiwekea angalau siku mbili za akiba kabla giza halijarudi.

Majaribio yafanyike kwenye mashine nyingine, kwa nakala ya data halisi. Data ya kubuni haitakuonyesha chochote, maana haina uchafu wa miaka kumi. Hata hivyo, nakala hiyo ina majina, namba za simu na malipo ya watu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, si jambo la kuiacha kwenye laputopu inayozunguka nayo mjini. Iwekee nenosiri, na ifute kazi ikiisha.

Ukishakuwa na mashine ya majaribio, sakinisha MySQL Shell na uendeshe amri hii ukiwa umeunganishwa na seva ya zamani:

util.checkForServerUpgrade()

Amri hiyo husoma tu, haibadilishi kitu, na hukuletea orodha ya mambo ambayo toleo jipya litayakataa au kuyatafsiri tofauti. Mafundi wengi huiruka kwa sababu orodha yake huwa ndefu na inachosha kusoma. Isome yote.

Nakala ambayo haikufika mwisho

Malalamiko ya kwanza ninayopokea huwa haya: nimepakia nakala kwenye seva mpya, haikuleta kosa lolote, lakini jedwali la mwisho halipo. Katika hali hiyo usianze kuchunguza seva mpya. Angalia mstari wa mwisho wa faili la nakala:

tail -n 1 samaki.sql

Faili lililotolewa na mysqldump kwa ukamilifu huishia na maneno yanayoanza «-- Dump completed». Usipoyaona, kazi ilikatika njiani, iwe ni umeme, diski kujaa, au mtu kufunga dirisha. Amri ninayoitumia kuchukua nakala ni hii:

mysqldump --single-transaction --routines --events --hex-blob --default-character-set=utf8mb4 --result-file=samaki.sql samaki

Kila kipengele hapo kina sababu. Cha kwanza huchukua picha ya data kwa wakati mmoja bila kuwafungia makarani kazi, lakini hufanya hivyo kwa majedwali ya InnoDB pekee, ambayo ni namna moja ya MySQL kuhifadhi majedwali. Kama bado una majedwali ya MyISAM, namna nyingine ya zamani, simamisha uandishi kwanza. Taratibu zilizohifadhiwa ndani ya kanzidata na kazi zinazojiendesha kwa ratiba hazichukuliwi mpaka uziombe, na ndiyo maana kuna ofisi ambazo ripoti ya kila Ijumaa ilitoweka baada ya kuhama wakati data yote ilikuwa salama. Kipengele cha kutaja faili la matokeo kinawahusu hasa wanaotumia Windows: ukitumia alama ya > ndani ya PowerShell ya kawaida, faili huandikwa katika UTF-16, usimbaji tofauti wa herufi, nayo MySQL haitaweza kulipakia.

Nakala ikitoka kisiwani kuja mjini, usiitume kwa bando la simu kisha ukaamini imefika nzima. Mara kadhaa nimeona ni haraka zaidi diski ya nje kuvuka na meli kutoka Nansio kuliko faili la gigabaiti nyingi kupanda mtandaoni kwa vipande. Kwa vyovyote vile, endesha sha256sum, amri inayotoa alama ya utambulisho wa faili, huku na kule, na ulinganishe herufi zote za matokeo badala ya zile nne za mwanzo.

Onyo moja la mwisho kuhusu upakiaji: programu ya mysql ina kipengele cha --force kinachoiambia iendelee hata ikikutana na kosa. Usikitumie. Kitakufikisha mwisho, lakini hutajua umeacha nini njiani.

Seva inapogoma kuwaka

Hili hutisha kuliko linavyostahili. Mara nyingi chanzo ni faili la mipangilio lililonakiliwa zima kutoka seva ya zamani. Toleo la 8.0 liliondoa hifadhi ya majibu ya maulizo, kwa hiyo mstari wenye query_cache_size seva haiuelewi, nayo hukataa kuwaka. Hali kadhalika mstari wa sql_mode wenye neno NO_AUTO_CREATE_USER. Fungua logi ya makosa, soma mistari kumi ya mwisho, futa kilichotajwa, jaribu tena.

Lakini kabla ya kufuta mstari wa sql_mode, jiulize uliwekwa kwa nini. Tangu 5.7, MySQL hukagua kwa ukali kila thamani inayoingizwa, na ofisi nyingi zilipotoka 5.5 zilizima ukaguzi huo ili programu zao za zamani ziendelee kufanya kazi. Ukikuta umezimwa, jua kwamba kuna miaka kadhaa ya data iliyoingia bila kuulizwa. Matatizo mawili yanayofuata yote yanatoka hapo.

Tarehe za sifuri na namba ya simu ya kila mtu

Karani alipoacha nafasi ya tarehe wazi, seva isiyokagua iliandika 0000-00-00. Cha ajabu ni kwamba faili la mysqldump lenyewe hulegeza ukaguzi linapopakiwa, kwa hiyo tarehe hizo hupita kimya hadi kwenye seva mpya, na fundi hupongezwa. Kosa namba 1292, la tarehe isiyokubalika, huibuka baadaye, siku unapolijenga upya jedwali, kwa mfano kwa kubadili mfumo wake wa herufi. Anayehamisha kwa faili za CSV yeye hulipata papo hapo, na nadhani ana bahati zaidi.

Tiba ifanyike kwenye seva ya zamani, kabla ya kuchukua nakala ya mwisho:

SET SESSION sql_mode = '';
ALTER TABLE wavuvi MODIFY tarehe_kujiunga DATE NULL;
UPDATE wavuvi SET tarehe_kujiunga = NULL WHERE tarehe_kujiunga = '0000-00-00';

Kuna wanaopendelea kujaza tarehe ya bandia kama 1970-01-01 ili safu isibaki tupu. Mimi sikubaliani nao. Nafasi tupu inamwambia msomaji wa ripoti kwamba tarehe haijulikani, ilhali tarehe ya bandia inamwambia uongo wenye sura ya ukweli, na kuna siku mtu atahesabu miaka ya uanachama kwa kuitumia.

Tatizo la pili ni la simu. Katika ofisi niliyoitaja, asubuhi ya kwanza baada ya kuhama, karani hakuweza kusajili mvuvi yeyote mwenye namba iliyoanzia 255, na skrini ilileta kosa namba 1264, la thamani iliyozidi kiwango cha safu. Nilipofungua jedwali la wavuvi nikakuta watu wengi wana namba moja ya simu, 2147483647. Hiyo si namba ya mtu. Ni kiwango cha juu kabisa ambacho safu ya aina ya INT inaweza kubeba. Namba kama 0754 na tarakimu zake sita nyingine iliingia ikapoteza sifuri ya mbele tu, lakini namba yenye 255 ilizidi kiwango, na seva ya zamani, badala ya kuikataa, iliipunguza hadi pale safu inapoishia bila kumwambia mtu.

Namba iliyopoteza sifuri inarudishika: badili safu iwe VARCHAR(15), kisha kwa kila namba yenye tarakimu tisa ongeza sifuri mbele. Iliyogeuka 2147483647 haipo tena kwenye kanzidata, na hakuna amri itakayoirudisha. Itafutwe kwenye madaftari, kwenye fomu za usajili, au kwa mvuvi mwenyewe anapokuja kupima. Mwambie mwenye ofisi jambo hili kwa maandishi siku hiyohiyo, vinginevyo itasemwa kwamba namba zilipotea mikononi mwako.

Jina lenye ng'

Sehemu hii nitaikalia, maana huku kwetu ndipo data inapoumia zaidi, na miongozo iliyoandikwa kwa watu wa lugha nyingine haiigusi. Majina mengi ya Kisukuma huanza na Ng'w, na alama ile ndogo ya kibainishi ni mtego. Siku ya malipo mzee mmoja alifika dirishani, karani akaandika jina lake, kanzidata ikajibu kwamba hakuna mtu kama huyo.

«Mzee wangu, jina lako halipo humu.»

«Halipo vipi, mwanangu, na jana nimepimiwa hapahapa?»

Jina lilikuwapo, ila karani aliandika kibainishi cha kawaida cha kibodi, na kwenye jedwali kulikuwa na kitu kingine. Kwa jicho huwezi kutofautisha, kwa hiyo iombe seva ikuonyeshe baiti zenyewe:

SELECT jina, HEX(jina) FROM wavuvi WHERE jina LIKE 'Ng%';

Ukiona 27 baada ya 4E67, ambazo ndizo N na g, hicho ni kibainishi cha kawaida kilichonyooka. Ukiona E28099, ni kile kilichopinda, ambacho programu za kuandikia barua hukiweka zenyewe. Maana yake orodha ya majina iliwahi kuandikwa kwenye barua kisha ikabandikwa. Ukiona 60, ni alama ya pembeni mwa tarakimu 1 kwenye kibodi. Hiyo ya mwisho ilinisumbua mpaka karani wa zamani aliponieleza: programu yao ya kwanza iliandikwa vibaya kiasi kwamba ukiweka kibainishi cha kawaida kwenye jina inagoma, kwa hiyo wakafundishana kuweka alama ile nyingine. Programu inayogoma kwa sababu ya kibainishi ina tundu ambalo mhalifu anaweza kupitishia amri zake, lakini hilo ni somo la siku nyingine.

Ya nne ndiyo mbaya zaidi. Jina linaonekana likiwa «Ngâ€™w», na baiti zake ni C3A2E282ACE284A2. Hapo kibainishi kilichopinda kimesimbwa mara mbili: baiti zake tatu zilidhaniwa kuwa herufi tatu za latin1, mfumo wa zamani wa herufi, kisha kila moja ikasimbwa upya. Hutokea programu inapotuma UTF-8, usimbaji wa herufi wa siku hizi, huku ikiwa imejitambulisha kwa seva kama ya latin1. Upandishaji wa toleo haukuleta kosa hili. Programu ya zamani ilikosea wakati wa kuandika na ikakosea vilevile wakati wa kusoma, makosa mawili yakafutana, na hakuna aliyeona. Programu mpya inasoma sawasawa, ndipo uchafu unapoonekana.

Rekebisha zile tu zilizosimbwa mara mbili. Ukiigusa rekodi iliyo safi kwa amri hii utaiharibu:

UPDATE wavuvi SET jina = CONVERT(CAST(CONVERT(jina USING latin1) AS BINARY) USING utf8mb4) WHERE HEX(jina) LIKE '%C3A2E282AC%';

Baada ya hapo chagua kibainishi kimoja kwa ofisi nzima. Mimi huchagua kilichonyooka, kwa kuwa ndicho kilichopo kwenye kila kibodi na kila simu:

UPDATE wavuvi SET jina = REPLACE(jina, _utf8mb4 0xE28099, '\'');

Fanya hivyohivyo kwa 0x60, kisha uielekeze programu ya usajili ibadilishe alama hizo kabla ya kuhifadhi. Kama safu ya jina ina sharti la kutorudiwa, jiandae kukutana na kosa namba 1062, la thamani iliyorudiwa, kwa sababu mvuvi mmoja aliyesajiliwa mara mbili kwa vibainishi viwili sasa anakuwa mtu mmoja. Usifute rekodi yoyote kati ya hizo kwa uamuzi wako. Zote mbili huenda zina mizani na malipo chini yake, na kuziunganisha ni kazi ya mhasibu akiwa na daftari mkononi.

Tofauti ya saa tatu na tofauti ya saa sita

Jumla ya dagaa kwa siku ikibadilika baada ya kuhama, huku jumla ya mwezi ikibaki karibu ileile, angalia saa. Seva mpya, hasa ya kukodi mtandaoni, mara nyingi huwa imewekwa kwenye UTC, yaani saa ya kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele. Mzigo uliopimwa saa nane usiku kwa saa yetu utaandikwa kuwa wa saa tano usiku wa jana yake. Kwa duka la nguo kosa hili lingepita bila kujulikana. Kwa watu wanaopokea mitumbwi alfajiri linahamisha mzigo kutoka siku moja kwenda nyingine. Weka default_time_zone iwe '+03:00' kwenye faili la mipangilio. Kumbuka pia kwamba safu za aina ya TIMESTAMP hutafsiriwa kulingana na saa ya seva, ilhali za DATETIME hubaki kama zilivyoandikwa, kwa hiyo jedwali moja linaweza kuwa na safu iliyosogea na nyingine iliyotulia.

Ukikuta tofauti ya saa sita badala ya tatu, iache seva, maana kosa ni la binadamu. Mpimaji aliyeambiwa aandike saa aliandika 2:00 akimaanisha saa mbili asubuhi, na kanzidata ikaelewa usiku wa manane umepita kwa saa mbili. Usiongeze saa sita kwa rekodi zote kwa amri moja. Katika ofisi ile wapimaji wawili waliandika kwa saa ya Kiswahili na mmoja aliandika kwa saa ya simu yake, na tuliwatenganisha kwa safu ya jina la mpimaji baada ya kukaa nao na kuwauliza mmoja mmoja.

Makosa mengine yenye namba

Kosa namba 1064, la amri isiyosomeka, kwenye ripoti iliyokuwa ikifanya kazi jana kwa kawaida linatokana na maneno yaliyotengwa upya: 8.0 ilijitwalia rank, groups, system na mengineyo. Zungushia jina la safu alama za 60 nilizozitaja juu. Aliyeita safu yake «kundi» au «cheo» halimhusu, na ni sababu moja zaidi ya kuyapa majedwali majina ya Kiswahili.

Kosa namba 1055 linahusu ripoti zinazokusanya data kwa GROUP BY huku zikiomba safu ambazo hazikukusanywa. Ripoti hiyo ilikuwa ikikupa thamani ya kubahatisha tangu zamani, kwa hiyo iandike upya. Kosa namba 1071, la faharasa (index) iliyo ndefu mno, hutokea unapobadilisha jedwali la zamani kwenda utf8mb4, UTF-8 yenye hadi baiti nne kwa herufi: herufi 255 kwa baiti tatu zilikuwa baiti 765, chini kidogo ya ukomo wa 767, lakini kwa baiti nne zinafika 1020. Lijenge jedwali kwa ROW_FORMAT=DYNAMIC, na ukomo utapanda hadi baiti 3072. Kosa namba 1153, au seva kukata mawasiliano katikati ya upakiaji, mara nyingi ni max_allowed_packet ndogo. Iongeze upande wa seva na upande wa programu inayopakia. Kosa namba 1449 linamaanisha kwamba taratibu zinamtaja mtumiaji ambaye hukumuunda kwenye seva mpya. Kosa namba 1146, la jedwali lisilopatikana, baada ya kutoka Windows kwenda Linux ni kwamba Linux huona «Mizani» na «mizani» kuwa majedwali mawili, katika 8.0 mpangilio wa lower_case_table_names huwekwa seva inapoanzishwa mara ya kwanza tu, kwa hiyo uamue kabla.

Programu ikishindwa kabisa kuingia, chunguza namna ya uthibitishaji. Toleo la 8.0 huwaundia watumiaji wapya uthibitishaji wa caching_sha2_password, ambao viunganishi vya zamani havijui, na 8.4 imezima ule wa mysql_native_password mpaka uuwashe mwenyewe. Dawa ya kweli ni kusasisha kiunganishi cha programu. Kurudisha uthibitishaji wa zamani kutakuvusha wiki moja, lakini katika 9.0 umeondolewa kabisa.

Yasiyo na namba

Makosa yenye namba hujitangaza, lakini kuna yanayokaa kimya mpaka mwisho wa mwezi. La kwanza ni nafasi tupu mwishoni mwa maneno. Kanuni za zamani za kulinganisha herufi zilihesabu «Ukerewe» na «Ukerewe » kuwa neno moja. Ile mpya ya utf8mb4_0900_ai_ci haifanyi hivyo. Ukibadili majedwali kwenda kanuni hiyo, ripoti ya mialo itakuletea Ukerewe mbili zenye kilo tofauti, na hakuna seva itakayolalamika. Safisha kwa TRIM kabla ya kubadili.

La pili ni rekodi yatima, yaani zile zinazomtaja mvuvi asiyekuwapo kwenye jedwali la wavuvi. Faili la mysqldump huzima ukaguzi wa funguo za kigeni, yaani viungo kati ya majedwali, linapopakiwa, na kuuwasha tena hakuzirudii rekodi zilizokwisha kuingia. Zitafute mwenyewe:

SELECT m.id FROM mizani m LEFT JOIN wavuvi w ON w.id = m.mvuvi_id WHERE w.id IS NULL;

La tatu ni mpangilio. Zamani GROUP BY ilipanga matokeo yenyewe, 8.0 haipangi mpaka uandike ORDER BY. Karani anayesoma orodha ya malipo kwa kufuata mistari ya daftari lake anaweza kumlipa mtu wa mstari wa jirani.

Kulinganisha, kisha kufungua

Usilinganishe idadi ya rekodi kwa kusoma information_schema, majedwali ya MySQL yanayoeleza majedwali mengine. Kwa InnoDB takwimu hizo ni makadirio, na nimewahi kuamshwa usiku kwa «rekodi zilizopotea» ambazo hazikupotea. Hesabu kwa COUNT(*), na kwa kila mwaka uchukue pia jumla ya kilo, jumla ya shilingi, tarehe ya kwanza na ya mwisho, huku na kule. CHECKSUM TABLE nayo usiiamini kati ya matoleo tofauti, kwani muundo wa uhifadhi ukibadilika nayo hubadilika. Kilo zikitofautiana kwa sehemu ndogo sana ya mwisho, angalia kama safu ni FLOAT, aina inayohifadhi desimali kwa makadirio. Shilingi zikitofautiana hata kwa moja, usifungue.

Zikilingana, iweke seva ya zamani katika hali ya kusomwa tu:

SET GLOBAL super_read_only = ON;

Kisha elekeza programu kwenye seva mpya, mpime mvuvi mmoja, mlipe, na uchapishe risiti yake ukiwa hapohapo dirishani. Seva ya zamani iache ikiwaka, bila kuandikwa, mpaka giza moja zima lipite na mhasibu afunge malipo ya mwezi huo.